Mshumaa wa Bibi Mdogo

Harufu inayonirudisha Mugoma si ya mshumaa unaowaka. Ni ya mshumaa uliozimwa sasa hivi, ule moshi mwembamba unaopanda kutoka kwenye utambi kabla haujapoa. Jumapili moja, si zamani, nilichelewa kutoka kanisani hapa Nyamiaga kwa sababu mwanangu alikuwa amepoteza kiatu chini ya mabenchi. Nikiwa nimeinama kukitafuta, sakristani akapita altareni akizima mishumaa, na ile harufu ikanifikia huku chini. Nikabaki nimeinama hivyo hivyo. Mwanangu akauliza, "Mama, umekipata?" Kiatu nilikuwa nimeshakishika mkononi. Ila mawazo yangu yalikuwa kwa wanawake wawili ambao leo wote wamelala makaburini, upande mmoja wa shamba lile lile la migomba.

Wenzangu wa rika langu mliokulia vigangoni mtanielewa. Padre alikuja mara moja kwa mwezi kwa pikipiki, na Jumapili zilizobaki mwalimu wa dini ndiye aliyetuongozea ibada. Kanisa letu lilikuwa la matofali ya kuchoma, sakafu ya udongo, madirisha yasiyo na vioo. Mishumaa ya altareni ilikuwa miwili, na ilitumiwa kwa uangalifu mkubwa. Wimbo wa mwisho ulipoanza tu, Mwalimu Speratus aliizima ili ifike Jumapili nyingine, nasi watoto tuliokaa mbele tuliuvuta ule moshi puani tukiamini kuwa ni baraka iliyobaki.

Mimi sikuzaliwa Mugoma. Nilizaliwa Biharamulo, kwa baba Msubi na mama Mhangaza, na kwa sababu hiyo nyumbani kwetu tulizungumza Kiswahili. Mama alipojifungua mapacha na nyumba ikajaa vilio, nikapelekwa Mugoma, wilayani Ngara, kwa bibi mzaa mama, Bibi Dafroza, nikae naye na kusoma huko kwa muda. Katika begi langu Mama aliweka sare, sweta, na mshumaa. Ulikuwa mrefu, mweupe, una msalaba mwekundu na utepe wa bluu shingoni. Baba alikuwa ameununua kwa ajili ya Komunyo yangu ya kwanza, ambayo sasa ningeipokelea kwa Bibi. Nililala nao kando ya mto, na kila asubuhi niliufungua kwenye gazeti lake nione kama bado haujavunjika.

Bibi Dafroza alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti iliyofika ng'ambo ya bonde. Ndiye aliyewaongoza akina mama wa kigango, na neno lake halikurudiwa mara mbili. Altare aliiita "artare", parokia akaiita "palokia", na hakuna aliyethubutu kumsahihisha, hata padre. Naye alikuwa na mshumaa wake, au tuseme kipande kilichobaki cha mshumaa wa ubatizo wake, kifupi kama kidole gumba, kimekuwa cha njano kwa uzee. Alikitunza ndani ya sanduku la bati, kimefungwa kwenye kitambaa. Alikitoa siku za radi tu.

Na radi za Ngara mnazijua. Msimu wa mvua, mchana unaweza kugeuka giza ghafla, migomba ikaanza kupigana yenyewe kwa yenyewe, kisha mbingu ikapasuka juu ya bati. Hapo Bibi aliwasha kile kipande, akakisimamisha kwenye kisahani, tukapiga magoti. Mimi niliyekuwa naogopa radi kuliko kitu chochote, nilitazama ule mwali mdogo na hofu ikaniisha. Niliamini kabisa kwamba radi huchungulia ndani ya nyumba, ikauona mshumaa, ikapita.

Siku moja ya mvua kama hiyo nilikumbuka kwamba ng'ambo ya migomba kuna nyumba nyingine.

"Bibi," nikauliza, "na Bibi Mdogo anawasha nini?"

"Yule hana mshumaa," akajibu bila kugeuka.

"Ulipotea?"

"Hajawahi kuwa nao. Sali."

Bibi Mdogo alikuwa mke wa pili wa marehemu babu. Jina lake Nyanzira, yaani wa njiani, kwa kuwa mama yake alimzalia njiani. Aliishi peke yake kwenye kijumba cha udongo, na mimi nilipenda kwenda kwake kwa sababu alikuwa na karanga, na kwa sababu alicheka. Kihangaza changu kilikuwa cha kuokoteza, Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, lakini tulielewana. Alinifundisha kusuka mkeka, akanionyesha mahali kuku walipoficha mayai. Hakuwa na mtoto. Kila nilipomwamkia, "Shikamoo Bibi," alinijibu "Marahaba, mjukuu wangu" na kulivuta lile neno la mwisho polepole, kama mtu anayelionja.

Kila Jumapili alikuja kanisani. Alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, kanga imemfunika kichwa. Aliimba nyimbo zote, alijibu sala zote. Lakini padre alipokuja na watu wakapanga mstari kwenda kukomunika, Bibi Mdogo alibaki ameketi, akivuta miguu yake pembeni ili wengine wapite. Nilikuwa nimejiuliza kwa muda mrefu kwa nini. Siku ile ya radi nikapata jibu. Hana mshumaa! Sisi watoto wa Komunyo tulikuwa tumeambiwa na Mwalimu Speratus kwamba siku hiyo kila mmoja lazima aje na mshumaa wake, na asiye nao asije. Basi Bibi Mdogo naye, nikafikiri, alikosa wa kumnunulia akiwa mtoto, na tangu hapo hakuruhusiwa. Akawa anakaa nyuma mpaka nywele zikawa nyeupe, na radi zikija anakaa gizani peke yake.

Sikulala nalo. Kesho yake baada ya shule nikachukua mshumaa wangu pamoja na gazeti lake, nikapita katikati ya migomba iliyokuwa bado inadondosha maji, nikamkuta ameketi mlangoni anachambua maharage.

Nikampa kwa mikono miwili. Alipofungua gazeti, mikono yake ikasimama. Aliutazama ule msalaba mwekundu, akaupitisha kidole, akaushika utepe.

"Nani amekutuma?" akauliza kwa Kihangaza.

Nilitaka kumwambia kwamba Bibi amesema huna mshumaa, kwa hiyo nimekuletea wangu. Kwa kile Kihangaza changu, yalitoka maneno matatu tu: Bibi, wewe, mshumaa.

Akaniangalia usoni kwa muda. Kisha akauliza tena, taratibu, kama mtu anayeogopa jibu lisije likabadilika. "Bibi yako Dafroza? Ndiye amesema?"

"Ndiyo," nikasema, maana ni kweli ndiye aliyesema.

Ungo wa maharage ukateleza kutoka magotini mwake, yakamwagika yote kwenye tope. Hakuyaokota. Alinivuta, akanikumbatia pamoja na mshumaa, nami nikaona anatetemeka nikadhani anasikia baridi. Nikaokota maharage mimi.

Siku mbili tatu zilipita. Asubuhi moja ya Jumamosi Bibi Dafroza alikuwa anafagia uwanja, mimi naosha vyombo, tukamwona Bibi Mdogo anakuja na mkungu wa ndizi kichwani. Tangu msiba wa babu hakuwa amekanyaga uwanja ule. Akautua mkungu, akapiga magoti.

"Shikamoo, dada."

Bibi akasimama na ufagio mkononi. "Marahaba. Kuna nini?"

"Nimekuja kushukuru. Nimeupokea mshumaa ulionitumia. Nimeshaenda kwa Mwalimu Speratus, ameniandikisha nibatizwe Pasaka hii. Sikujua kama ungeweza, dada. Mungu akulipe."

Sahani iliyokuwa mkononi mwangu niliiacha izame. Nilijua sasa kwamba kuna jambo limekwenda mahali nisipolituma, ila sikujua ni jambo gani. Bibi akageuza macho, akanitazama mimi. Halafu akamtazama yule mwanamke aliyepiga magoti, kisogo chake chenye mvi, nyayo zake zenye udongo. Jogoo akawika nyuma ya jiko.

"Ulifika mzima?" Bibi akauliza hatimaye. "Haukuvunjika?"

"Mzima kabisa."

"Basi utunze. Panya wanakula mishumaa." Akaanza kufagia tena, mahali alipokwisha kufagia.

Bibi Mdogo alipoondoka niliitwa.

"Koleta. Mshumaa wako uko wapi?"

"Nilimpa Bibi Mdogo."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia ulivyosema. Kwamba hana."

Akaketi kwenye kigoda, akashika paji la uso. Nilingoja kiboko. Badala yake akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mtoto wewe, umenipeleka mahali miguu yangu ilipokuwa inakataa." Kisha akanituma maji, ingawa mtungi ulikuwa umejaa.

Mambo haya mengine nilisimuliwa na Mama nilipokuwa mtu mzima, nami nayaweka hapa ili mwelewe. Bibi alifunga ndoa ya kanisa na babu, akazaa wasichana watupu. Babu akataka mtoto wa kiume, akamleta Nyanzira, binti mdogo kutoka Mbuba ambaye hakuulizwa anachotaka. Nyanzira naye hakuzaa kabisa. Kwa hiyo nyumba ile ikawa na watu watatu, na kila mmoja alinyang'anywa kitu. Babu hakukomunika tena. Nyanzira aliyetaka sana kubatizwa aliambiwa hawezi, kwa kuwa anaishi na mume wa mtu. Bibi peke yake ndiye aliyekwenda mbele kila padre alipokuja, akijua kila jicho linamtazama mgongoni. Alipozidiwa na huzuni yake mwenyewe, aliwahi kutamka mbele ya akina mama kwamba siku Nyanzira atakapopokea mshumaa, yeye Dafroza atauzima.

Babu alipougua, akaomba sakramenti. Padre akamwambia ni lazima kwanza aachane na mke wa pili. Ndipo kikajengwa kile kijumba ng'ambo ya migomba, na Nyanzira akahamishwa akiwa amebeba sufuria na mkeka. Siku babu alipopakwa mafuta na kuwekewa mshumaa mkononi, ndugu wote walikuwa ndani. Mvua ilikuwa inanyesha. Bibi alipotoka kumwaga maji alimwona Nyanzira amesimama kwenye migomba, amelowa, anautazama mwanga dirishani. Nyanzira ndiye aliyemhudumia mzee yule mpaka jana yake. Bibi hakumwita. Alirudi ndani akafunga mlango, na Mama anasema tangu siku hiyo hakulala vizuri. Hata babu alipokufa na kizuizi kikaisha, Nyanzira hakuthubutu kuomba ubatizo kwa sababu ya lile neno la Bibi.

Lakini kunyamaza uwanjani na kukubali moyoni si kitu kimoja. Kwaresima ikaendelea, Bibi akawa mkali kuliko kawaida. Alisahau chumvi kwenye ndizi, kisha akanigombeza mimi niliyekula bila kusema. Na huko kigangoni tatizo jipya likatokea. Anayebatizwa anahitaji msimamizi, mwanamke Mkristo wa kusimama naye. Bibi Mdogo alimwomba mmoja, akasema ana mgonjwa. Akamwomba mwingine, akasema atasafiri kwenda Biharamulo. Hakuna aliyekuwa na mgonjwa wala safari. Walikuwa wanamwogopa Bibi Dafroza.

Mwalimu Speratus akaja nyumbani jioni, baiskeli yake ina tope mpaka kwenye tandiko. Alikuwa mtu mpole, mfupi, mwenye kawaida ya kukohoa kabla ya jambo gumu. Alikohoa sana siku ile.

"Mama Dafroza, nimekuja kukuomba. Pasaka imekaribia. Yule mama hana msimamizi. Wanawake wanaogopa kukuudhi. Ungewaambia tu kwamba umemruhusu mmoja wao."

"Nimruhusu nani?"

"Yeyote. Hata mama wa dukani kule, si mbaya."

Bibi akasimama. Niliona shingo yake inavyorefuka.

"Mwalimu, unataka mke mwenzangu asimamiwe na mtu baki? Watu waseme nini? Kwamba kwa mzee yule hakuna ndugu hata mmoja wa kumshika bega? Yule amelala nyumba moja na mimi, amekula chungu kimoja na mimi, amemwogesha mume wangu alipokuwa hawezi kugeuka. Mama wa dukani anamjua nini?"

Mwalimu Speratus akasahau kukohoa. "Sasa, Mama, unasema nani amsimamie?"

"Niandike mimi," Bibi akasema kwa hasira. "Na usiniulize tena."

Ndivyo ilivyokuwa. Wengine huupata wema kwa kulia na kusali, bibi yangu aliupata kwa kiburi, na sidhani kama Mungu aliukataa.

Padre alifika kigangoni Jumatatu ya Pasaka, mshumaa mkubwa wa Pasaka umefungwa nyuma ya pikipiki kwa mpira, umefunikwa shuka kama mgonjwa. Kanisa lilijaa mpaka nje, maana habari ilikuwa imefika kila kilima. Bibi Mdogo alivaa gauni jeupe la kuazima lililompwaya mabegani. Bibi Dafroza akasimama nyuma yake, mkono wake wa kulia begani kwa mwenzake, macho mbele, amekunja uso kama anayebeba mzigo wa kuni.

Maji yakamwagwa. Akapewa jina la Agata, ingawa hakuna aliyelitumia baadaye. Kisha Bibi akapewa na mwenzake ule mshumaa wangu wenye utepe wa bluu, auwashe kutoka mshumaa wa Pasaka na kumkabidhi. Hapo ndipo ilipokwama. Bibi Mdogo alikuwa ameushikilia mshumaa wake muda wote kwa kutouamini mkono wa mtu mwingine, na maji ya ubatizo yalikuwa yameutiririkia utambi. Ukagusishwa motoni, ukatoa sauti ya chichi, ukatoa moshi, ukazima. Ukagusishwa tena, ukazima. Nyuma watu wakaanza kunong'ona. Nilimsikia mama mmoja akisema pembeni yangu, "Si mnaona? Alisema atauzima." Bibi Mdogo akainamisha kichwa, na niliona kwamba alikuwa anaamini, kwamba alikuwa tayari kurudi benchi la mwisho.

Padre akanyoosha mkono kusaidia. Bibi hakumpa. Aliuweka mshumaa kwapani, akaushika ule utambi kwa ncha ya kanga yake, akaukausha kwa vidole kama mtu anayemfuta mtoto kamasi, bila haraka, kanisa zima likingoja. Kisha akaupeleka tena. Ukatoa cheche moja ya bluu. Ukawaka.

"Shika," akamwambia kwa Kihangaza, na sauti ile ya kufika ng'ambo ya bonde ilikuwa imepotea. "Shika vizuri, Nyanzira. Usiuinamishe."

Vigelegele vilivyopigwa vilizima kinanda cha mwalimu. Wakati wa Komunyo walikwenda mbele pamoja, nami nikawatazama nikifurahi kwamba nilikuwa nimelipatia tangu mwanzo, kwamba kumbe lilikuwa suala la mshumaa tu. Komunyo yangu mwenyewe, wiki kadhaa baadaye, niliipokea nikiwa na mshumaa wa dukani usio na utepe, na nakiri kwamba picha yangu ya siku hiyo ina mdomo uliovimba.

Turudi kwenye njia ya nyumbani, siku ile ya Pasaka. Tulikuwa watatu. Mimi nilitangulia, wao nyuma yangu hatua moja moja kwa sababu ya utelezi. Kisha Bibi akasema:

"Leo wewe huna dhambi hata moja. Maji yamezichukua zote, tangu uzaliwe."

"Mwalimu ndivyo alivyofundisha," Bibi Mdogo akajibu kwa unyenyekevu.

"Mimi nimebaki na zangu. Na nyingi nilizipata kwa ajili yako. Kukuchukia, kukusema, kukufungia mlango siku ile kwenye mvua. Nilikuona, Nyanzira. Nilikuona na nikafunga."

Nyayo nyuma yangu zikasimama. Nami nikasimama, lakini sikugeuka, kitu fulani kiliniambia nisigeuke.

"Nilijua umeniona," Bibi Mdogo akasema. "Padre atarudi lini?"

"Mwezi ujao."

"Basi nitakusindikiza ukaungame."

Mwezi uliofuata padre alikuja, akakaa kwenye kile chumba kidogo cha kuvalia, pazia likashushwa, watu wakapanga foleni nje kwenye jua. Bibi Dafroza akaingia. Bibi Mdogo akaketi kwenye jiwe karibu na mlango, mkoba wa mwenzake mapajani. Bibi alikaa humo ndani muda mrefu sana. Foleni ikaanza kuguna, watu wakabadilisha mguu wa kusimamia, mzee mmoja akauliza kwa sauti kama kuna mtu amelala huko ndani.

Bibi Mdogo akainua kichwa.

"Mwacheni amalize," akasema. "Mengine anayoyasema humo ni ya kwangu."